Miramura Mitatu Nyuma ya Bibi Harusi

Kiruruma, 7 Septemba 1997

Mvua imeanza mapema kuliko nilivyozoea. Baada ya ibada alikuja Vestina, mjane wa Athanasi wa Rugu, amekumbatia kitu kilichofungwa kwa kanga mbili na mfuko wa nailoni. Ilikuwa picha ya harusi yake. Niliipiga mwenyewe Septemba 1978, wiki chache kabla ya vita, wakati nilipokuwa nafundisha siku za juma na kupiga picha Jumamosi.

"Mwalimu, naomba uniondolee huu ukungu," alisema, akigusa kioo cha fremu.

Nilimweleza kwamba ule si ukungu bali ni ulaini. Siku zile nilikuwa natandaza soksi ya kike ya nailoni mbele ya lenzi. Nyuzi zake husambaza mwanga kidogo, chunusi zikapotea, na bibi harusi akaonekana kama ameoga maziwa. Wapiga picha wengine walipaka mafuta ya mgando kwenye kioo, wengine walikipulizia pumzi. Mimi nilijulikana kwa soksi.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mimi nataka kuona miti iliyo nyuma yangu."

Shauri lenyewe ni hili. Kati ya kibanja chake, shamba lile la migomba na kahawa, na cha jirani yake Melkiory, mpaka umewekwa kwa miramura, ule mti mwembamba wa majani marefu ambao huku kwetu hata mlevi haung'oi. Ipo ya juu karibu na njia na ipo ya chini bondeni. Ya katikati iliungua mwaka 1983. Ila pale katikati, ndani zaidi upande wa Vestina, imesimama miramura mitatu. Melkiory anasema hiyo ndiyo mpaka, kwamba mstari unapinda pale. Ukipinda, migomba sitini na kahawa zote nzuri zinakuwa zake. Na kaburi la Athanasi linakuwa ndani ya shamba lake.

"Hiyo mitatu niliiona mwaka wangu wa pili pale nyumbani," Vestina alisema. "Baba yake Melkiory aliipanda kwa siri. Siku ya harusi haikuwepo. Picha itasema."

Kwenye picha, nyuma ya bega lake, kuna doa la kijivu tu.

"Na wanasema nirudi kwetu," aliongeza. "Tangu wakimbizi warudishwe kwao mwaka jana ndio wimbo, kana kwamba na mimi ni mmoja wao. Kwetu wapi, Mwalimu? Nimezaliwa Rugu."

Nimemwahidi kutafuta negativu, filamu yenyewe ya siku ile.

8 Septemba

Bahasha ya harusi ile ipo kwenye bati la biskuti, imeandikwa kwa mwandiko wangu. Ndani haina kitu.

9 Septemba

Mvua. Bahasha nyingine zote za mwaka 1978 pia ni tupu. Hazijakaa hivyo zenyewe.

13 Septemba

Nimekwenda Kayanga kwa Shabani. Alijifunza kazi kwangu kabla ya kufungua studio yake pale karibu na duka la baba yake, mzee wa Tanga aliyekuja na biashara ya vitambaa akashindwa kuondoka. Ndiye mtu pekee aliyewahi kuuliza bei ya negativu zangu za zamani.

"Shikamoo Mwalimu! Karibu uone maajabu."

Maajabu yenyewe ni picha zinazorudi kutoka Mwanza, kwa jamaa mwenye kompyuta. Picha kuukuu inawekwa kwenye mashine, inaonekana kwenye kioo kama cha televisheni, na anayetaka makunyanzi yaondoke yanaondoka, anayetaka ndevu zionekane moja moja zinaonekana.

"Anaipiga pasi," alisema. "Au anainoa. Wewe tu na moyo wako."

Alinionyesha mzee mmoja aliyenolewa. Nikamwonyesha kosa: kuzunguka kichwa kizima kulikuwa na ufito mweupe mwembamba, kama mtu aliyechorwa kwa chaki. Kunoa picha si kuongeza kitu kilichopotea. Ni kufanya penye weusi pawe peusi zaidi na penye weupe pawe peupe zaidi, pale vinapokutana. Jicho linadanganyika, linaona ukali. Ukizidisha, chaki inatokea.

"Basi wateja wanaipenda hiyo chaki," alisema Shabani. "Wanasema inafanana na malaika."

Nikamwuliza, kana kwamba si jambo kubwa, kama Melkiory wa Rugu amepita pale.

Alianza kupanga bahasha zilizokuwa zimepangwa tayari. "Mwalimu, wewe ndiye uliyenifundisha. Siri ya mteja haitoki studio."

Nimerudi nimelowa, na sikuipenda ile haraka ya mikono yake.

18 Septemba

Evangelina ametoka asubuhi na sufuria ya maharage. Hakusema anakwenda wapi. Mke wa ndoa ya miaka thelathini na minne huwa anasema.

21 Septemba

Nimekutana na Melkiory kwenye njia ya kanisani. Aliondoka hapa kijana, akaenda vitani na jeshi, akabaki Tanga kwenye mkonge hadi mwaka jana baba yake alipofariki. Alinisalimia kwa heshima kupita kiasi, kofia mkononi, mvua ikimpiga kichwani.

"Shikamoo Mwalimu. Mama Evangelina ametusaidia sana kwa ugonjwa wa mama. Mungu awabariki."

Kumbe maharage yanakwenda huko. Nimejibu marahaba, nikaendelea. Kwa nini mke wangu amlishe mtu ambaye mimi natafuta ushahidi dhidi yake, tena bila kunitajia?

30 Septemba

Mvua. Ukuta wa jiko umeanguka.

4 Oktoba

Baraza la Kata limekaa Rugu, kwenye darasa, kwa kuwa nje hapakaliki. Mwenyekiti ni mzee Kahigi, rika langu, mtu mwenye subira ya ng'ombe. Watu thelathini na mmoja walihudhuria, aliwaandika majina.

Vestina alitoa picha yake, ikapita mkono kwa mkono. Doa la kijivu likaitwa moshi, likaitwa mgomba, likaitwa shangazi aliyevaa vibaya.

Kisha Melkiory akafungua gazeti akatoa picha yake. Ilikuwa ileile: Athanasi, Vestina, na yeye Melkiory aliyekuwa mpambe wa bwana harusi. Lakini ilikuwa kali kama wembe. Vifungo vya koti vilihesabika. Na nyuma ya bega la Vestina, wazi kabisa, miramura mitatu.

Vestina aliinama kama mtu aliyepigwa mgongoni.

"Baba yangu na baba yake Athanasi walikuwa hai siku ile," Melkiory alisema. "Kama mpaka ulikuwa wa uongo, mbona hawakusema?"

Nikasimama. Nitaandika nilichosema kama nilivyokisema. Nilisema kwamba picha ile niliipiga mimi. Kwamba nilifunga soksi kwenye lenzi kama ilivyokuwa desturi yangu. Kwamba mwanga ukishasambaa kwenye negativu haukusanyiki tena, kama maziwa yaliyoingia kwenye chai. Kwa hiyo picha kali haiwezi kutoka kwenye negativu hiyo. Nikasema sasa Mwanza kuna kompyuta zinazochora hata majani ambayo hayakuwepo, na kwamba Melkiory ameonekana kwenye studio inayopeleka picha huko. La mwisho sikuwa na hakika nalo, lakini lilitoka kama lenye hakika.

"Unaniita mwongo, Mwalimu?" Melkiory aliuliza taratibu.

"Naiita picha."

"Picha haina mdomo. Unaniita mimi."

Watu walipiga meza. Mmoja alisema Melkiory apelekwe polisi. Kahigi akaahirisha hadi Desemba, niilete negativu ionekane kwa macho. Nilipotoka wazee walinishika mkono, na nilifurahi.

Evangelina hakuwepo. Nilipomsimulia aliacha kuchambua mchele, akanitazama, akaendelea kuchambua.

12 Oktoba

Mvua. Redio inaiita Elnino. Hakuna gari lililopita tangu Alhamisi.

19 Oktoba

Daraja limekwenda na maji. Watu wanampita Melkiory bila kumwamkia. Nimeambiwa kana kwamba ni habari njema. Mke wake amekosa mtu wa kumsaidia kubeba mama mkwe kwenda zahanati. Evangelina alikwenda.

26 Oktoba

Vestina aliniachia picha yake niitunze na unyevu. Leo, kwa kukosa kazi, niliichukua na kioo cha kukuzia nikaikagua kama mtu anayesoma barua ya zamani. Ni afadhali nisingeikagua.

Niandike hili kwa utaratibu. Kuna njia mbili za kulainisha kwa soksi. Ya kwanza ni kuiweka kwenye kamera wakati wa kupiga. Hapo kinachosambaa ni mwanga wa kitu chenyewe, na penye mwanga ni penye weupe. Kwa hiyo weupe wa shela unamwagikia kwenye weusi wa koti, na shela linang'aa. Ya pili ni kuiweka chumba cha giza, chini ya lenzi ya mashine ya kukuzia, wakati wa kusafisha picha. Hapo mambo ni kinyume, kwa sababu negativu ni kinyume: mwanga unapita zaidi penye weusi wa koti, na weusi ndio unaomwagika.

Kwenye picha ya Vestina, shela haling'ai. Ukingo wake wote ulio karibu na koti la Athanasi umechafuka kijivu. Weusi ndio uliomwagika.

Soksi haikuwa kwenye kamera, basi, na negativu ni kali. Na picha ya Melkiory inaweza kuwa halali kuliko maneno yangu.

Naandika hapa tu. Sijamwambia mtu.

27 Oktoba

Mvua.

28 Oktoba

Mvua. Sijamwambia mtu.

2 Novemba

Nilimwuliza Evangelina jikoni, kwenye kona iliyobaki na paa.

"Ile soksi ya harusi za zamani. Niliifunga kwenye kamera, au sivyo?"

"Soksi ya nani?"

"Ile yangu ya kazi."

Alicheka mpaka akashika nguzo. "Yako! Ulikuwa unaivaa? Soksi ilikuwa yangu, ya harusi yetu, iliyotoboka kisigino. Uliifunga kwenye kamera mara mbili, ukaharibu ubatizo mzima, padre akatokea kama mzimu. Nikaichukua nikaipeleka gizani. Wewe ulipiga, mimi nilisafisha. Ulikuwa na madaftari ya kusahihisha."

"Na picha ya Melkiory?"

"Kila harusi nilitoa mbili. Upande wa bibi harusi laini, upande wa wanaume kali. Wanaume walikuwa wanakataa ile laini. Walisema inawafanya kama watawa. Melkiory alichukua yake pale mlangoni kabla ya kwenda jeshini. Nilimpa mwenyewe."

"Ulijua haya tangu tarehe nne ya mwezi uliopita!"

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Uliporudi ulikuwa umeshamaliza kusema wewe. Nilingoja uniulize. Ni wiki nne sasa, nimehesabu." Akapeperusha moto. "Na unachotafuta ndani ya bati la biskuti kipo kwenye sanduku langu la nguo. Paa linavuja juu ya bati tangu Pasaka. Nimezifunga zote kwenye karatasi kavu."

Niliwashuku Shabani na Melkiory, nikamshuku na yeye. Negativu zilikuwa chini ya vitenge, hatua nane kutoka kitandani pangu.

8 Novemba

Leo tumesafisha picha mchana, mablanketi yakiwa yamepigiliwa dirishani, mashine ikiwa imeungwa kwenye betri ya gari. Evangelina ndiye aliyeshika karatasi. Mimi nilishika saa.

Negativu ni kali kwenye nyuso, lakini nyuma, chini kabisa, kuna kivuli kizito. Majani ya miramura yanaonekana, mashina yake yamezama. Picha ya Melkiory ni hivyohivyo. Nikataka kuona miguu ya ile miti. Kuna ufundi niliousoma zamani, na nilimweleza Evangelina, naye aliuona wa ajabu: ili kunoa, kwanza unalainisha. Unatengeneza kwenye filamu nyingine nakala hafifu ya picha, yenye ukungu kwa makusudi, kwa kuweka kipande cha kioo katikati. Kisha unailaza nakala ile juu ya negativu, vichwa na miguu vikikutana. Ule ukungu unapunguza nguvu ya sehemu pana, nyeusi kwa nyeupe, lakini ncha na kingo hauzigusi kwa sababu wenyewe hauna kingo. Ukipitisha mwanga kwa zote mbili, vitu vidogo vilivyokuwa vimemezwa vinatoka.

Tuliharibu tatu. Ya nne ilipokuwa kwenye maji ya dawa, Evangelina aliinama kwenye taa nyekundu.

"Mbona hii miti imefungwa?"

Niliinama na mimi. Mashina matatu, yamekatwa mshazari, yamechomekwa kwenye udongo uliotoka kuchimbuliwa. Majani ya chini yalikuwa yameanza kulegea. Na katikati, mashina yote matatu yalikuwa yamezungushiwa waya unaong'aa, mizunguko minne, ncha imepinda kama ndoana.

Mikono yangu ndiyo inayopinda waya hivyo. Hata mlango wa banda letu la kuku umefungwa hivyo.

Yote yalirudi. Nyuma ya mahali pazuri pa kupigia palikuwa na choo cha nyasi. Nilitaka kukiziba. Majani ya migomba yalichanwa na upepo, nikaona miramura ya mpakani haichaniki. Nikakata matawi matatu, nikayafunga kwa waya wa shaba niliokuwa nao kwenye mfuko wa kamera, nikayachomeka. Baba yake Athanasi alinung'unika. "Huo mti hauchezewi, Mwalimu." Nikamwambia nitaing'oa nikimaliza. Athanasi alicheka. Kisha mvua ikaja, watu wakakimbilia ndani kwenye pombe ya rubisi, na mimi nikakimbia na kamera.

Mramura ukichomekwa kwenye udongo wenye maji, huota. Kila mtoto wa huku anajua. Ndiyo maana hupandwa mpakani.

Athanasi alijua hadithi ya miti ile, ndiyo maana hakuwahi kuiogopa wala kuing'oa, wala kumsimulia mkewe. Choo kilibomolewa, nyasi zikaota, yeye akafa. Bibi harusi hakugeuka nyuma siku ile. Melkiory aliondoka na picha. Kila mmoja wao amesema kweli aliyoiona.

Evangelina aliining'iniza picha kwenye kamba. Hakucheka safari hii.

10 Novemba

Senene wametua. Kijiji kizima kiko nje na makopo kuwakamata. Mimi sijatoka.

Nimefikiri hivi: nikisema picha ya Melkiory ni halali na nikanyamaza juu ya waya, Vestina anapoteza kaburi. Nikinyamaza kabisa, Melkiory anabaki mwongo na mimi nabaki Mwalimu. Nikisema yote, mimi ndiye mtu aliyepanda mpaka wa uongo kwenye kibanja cha watu, jambo ambalo zamani lilimfukuzisha mtu kijijini. Nina miaka sitini na minane.

"Picha imekauka," Evangelina aliniambia, akaiweka mezani mbele yangu, juu ya sahani ya senene.

6 Desemba

Baraza. Nilisimama kabla ya kuitwa. Nikaanza kueleza kuhusu soksi na jinsi weusi unavyomwagika, Kahigi akainua mkono.

"Mwalimu Gaspari, darasa tunaliheshimu. Lakini ile mitatu nani aliipanda?"

"Mimi."

Nilitarajia kelele. Kahigi aliliandika jibu, akaendelea.

"Na picha ya Melkiory?"

"Ni ya kweli. Mke wangu aliisafisha. Melkiory nilimsingizia."

Vestina aliweka kanga mdomoni. Kahigi akasema maneno ni rahisi na picha tumeshaziona nyingi, twende shambani. Tukaenda wote kwenye matope. Kwa desturi mramura haung'olewi na mtu mwingine isipokuwa aliyeupanda, basi nilipewa jembe. Ile mitatu sasa imeshikana kuwa shina moja, nene kama paja. Nilichimba. Wazee walitazama. Niliteleza mara mbili.

Mara ya tatu Melkiory alichukua jembe jingine akaanza kuchimba upande wa pili. Hakunitazama.

"Desturi, Melkiory," mtu alisema.

"Anang'oa yeye. Mimi napunguza udongo."

Ulipoanguka, Kahigi aliomba panga. Akapasua shina taratibu pale katikati. Ndani ya mti, mbali na ganda, ukiwa umemezwa na miaka kumi na tisa, kulikuwa na waya wa shaba, mizunguko minne, ncha imepinda.

Kahigi alinyoosha kamba kutoka miramura ya juu hadi ya chini, moja kwa moja. Kaburi la Athanasi lilibaki upande wa Vestina. Alikwenda akaliondolea majani yaliyoliangukia, akarudi.

Nilimfuata Melkiory, nikamwomba msamaha.

"Shamba nimelipoteza kwa haki, sina neno," alisema. "Lakini mama amekufa wiki mbili zilizopita, na waliokuja kumzika ni mke wako na watu wanne. Uliniita mwongo mbele ya watu thelathini na mmoja. Leo wamekuja kumi na wawili. Hao wengine?"

"Nitawaambia."

"Mmoja mmoja, Mwalimu. Kwa mdomo ule ule."

Kahigi akanipa orodha ya majina.

9 Desemba

Watu sita. Kila mmoja alitaka nimweleze kuhusu soksi. Sikueleza.

13 Desemba

Watu kumi. Mmoja hakunikaribisha ndani.

17 Desemba

Wawili. Siku hiyo hiyo nilivuka kwa mtumbwi palipokuwa na daraja, nikafika kwa Shabani, ingawa hayumo kwenye orodha. Nilimwambia nilimdhania ameniibia. Alifungua droo akatoa bahasha: Melkiory alikuwa amempelekea picha ya mama yake, aipige pasi kidogo, kwa ajili ya siku itakapohitajika.

20 Desemba

Aliyebaki amehamia Isingiro. Nitakwenda barabara ikifunguka.

Jua limetoka, mara ya kwanza kwa siku tisa. Vestina alikuja kuchukua picha yake. Kahigi amebaki na ile kali, imebandikwa kwenye faili la baraza pamoja na kipande cha waya. Nilimwuliza Vestina kama na yeye angependa nakala yake kali, ionyeshe kila kitu.

"Hapana, Mwalimu. Ile nimeshaiona." Aliitazama ya zamani, fremu yake imevimba kwa unyevu. "Nitengenezee laini, mpya. Kama hii hii."

Nilinyanyuka kwenda kutafuta soksi.

"Kaa," alisema Evangelina. "Shika saa."